Maswali ya Wasomaji: Sanduku la Sayansi Lisiwe la Bure

Safari hii nafasi yote tumewapa wanaotengeneza modi (nyongeza zinazotungwa na wachezaji) za Kerbal Space Program, hasa vipande vya kuhifadhia sayansi. Kwa asiyeujua mchezo huo: unaunganisha roketi, unafanya majaribio angani au juu ya miezi na sayari, kisha matokeo unayarusha kwa antena au unayarudisha nyumbani ndani ya chombo. Barua zote ni za mchezo wa kwanza, toleo la 1.12.

*Wahariri, salamu. Nimechora sanduku la sampuli kwenye Blender, programu ya kuchora maumbo. Lina mikanda, skrubu na vibandiko vya onyo, na likiwa kwenye roketi linapendeza kweli. Rafiki yangu kalijaribu akaniambia halina tofauti na lile la mchezo wenyewe. Sijamwelewa.*
— Mwanafunzi wa uhandisi, Dodoma

Rafiki yako kasema kweli, japo angeweza kukwambia kwa upole. Sanduku la mchezo ni shimo lisilo na kina. Unalijaza ripoti mia, uzito wake haubadiliki hata kwa gramu moja, na jiwe linalookotwa mwezini linaingia kwa kubofya tu. Ukilivisha ngozi mpya bila kugusa hayo, umebadilisha kanzu. Mvaaji ni yule yule. Uhalisia wa kipande cha namna hii uko kwenye gharama: mchezaji abebe uzito, akose nafasi, asubiri.

Kabla ya kurudi Blender, amua sanduku lako ni la ukoo gani, kwa sababu vyombo vya kweli vinatofautiana sana. Kapsuli ya OSIRIS-REx, chombo cha NASA kilichochota udongo wa asteroidi Bennu, iliyotua jangwani Utah tarehe 24 Septemba 2023 ina kipenyo cha sentimita 81, kimo cha sentimita 50 na uzito wa kilo 46. Mzigo wake wa udongo ulikuwa gramu 121.6. Yaani kila gramu ya sampuli ilibebwa na gramu zipatazo 380 za kapsuli. Hayabusa2 ya Japani ndiyo usiseme: kapsuli ya kilo 16, sampuli ya asteroidi Ryugu gramu 5.4. Uzito huo si wa sanduku peke yake. Ndani yake mna ngao ya joto, parachuti, betri na kifaa cha kutoa ishara.

Ukoo wa pili ni masanduku ya mawe ya safari za mwezini za Apollo. Hayo yalibebwa kwa mkono na kurudi ndani ya chombo chenye watu, kwa hiyo hayakuhitaji ngao wala parachuti. Lilikuwa sanduku la alumini, urefu karibu nusu mita, limefumwa wavu wa alumini kwa ndani ili mawe yasigongane. Mdomoni kulikuwa na makali ya chuma yaliyozama kwenye ukanda wa indiamu, metali laini unayoweza kuikwaruza kwa kucha, na juu yake pete mbili za mpira. Baadhi yalivuja, kwa sababu vumbi la mwezi liliingia kwenye muhuri kabla mfuniko haujafungwa. Ukitaka kitu kidogo cha kuchora ambacho mjuzi atakitambua mara moja, chora ule ukanda unaong'aa mdomoni na kinga nyeupe ya tefloni inayobanduliwa kabla ya kufunga. Kina thamani kuliko vibandiko vyote vya onyo.

Wa tatu ni mirija ya sampuli ya Perseverance, rova (gari la utafiti) ya Mirihi: 43 kwa jumla, ya titani, kila mmoja chini ya gramu 57, imepakwa rangi nyeupe ili jua lisiipashe moto. Mirija mitano kati ya hiyo ni ya ushahidi tu, ya kunasa uchafu uliotoka duniani na chombo chenyewe.

Kwenye faili la cfg, lile la maandishi linaloeleza sifa za kipande, uzito ni kwa tani. Kilo 46 ni `mass = 0.046`. Anayeandika 46 anapata sanduku la tani 46, na roketi inabaki kwenye jukwaa ikifuka moshi. Kuhusu ukubwa, sayari za mchezo ni ndogo, na watengenezaji wengi hupunguza vipimo vya kweli hadi asilimia 64. Kapsuli ya sentimita 81 inakuwa kama sentimita 52, inayokaa vizuri kwenye daraja la mita 0.625, kimojawapo cha vipenyo vya vipande vya mchezo. Ukiiacha na vipimo vyake halisi haitashika popote: kubwa kwa 0.625, ndogo kwa 1.25.

*Habari za kazi. Niliandika `capacity = 4` kwenye sanduku langu ili mchezaji achague sampuli nne tu. Wachezaji wanacheka. Wanahamishia ripoti zote kwenye kibanda cha rubani na sanduku hawaliangalii. Nifanyeje?*
— Msomaji, Nakuru

Umefunga mlango ukaacha dirisha wazi. Vibanda vya wanaanga navyo vina moduli (fungu la cfg linalokipa kipande kazi yake) ile ile ya kuhifadhi, `ModuleScienceContainer`, na havina kikomo. Mstari wa `capacity` huhesabu idadi ya ripoti, wala hauangalii ukubwa wake, na sifuri maana yake ni bila mwisho.

Dawa ni kiraka cha Module Manager, modi inayobadilisha cfg za vipande bila kugusa faili zenyewe. Kiraka hicho kivibane vipande vyote vyenye moduli hiyo na ya urubani kwa pamoja. Anza mstari na `@PART[*]:HAS[@MODULE[ModuleCommand],@MODULE[ModuleScienceContainer]]:FOR[JinaLaModiYako]`, ndani yake ufungue `@MODULE[ModuleScienceContainer]`, kisha uandike `%capacity = 2`. Alama ya asilimia hubadilisha mstari ukiwepo, na kuuongeza usipokuwepo. Ukitumia `@` peke yake, kwenye kipande kisicho na mstari huo hakuna kitakachotokea, na utapoteza jioni nzima ukitafuta kosa lisiloonekana. Sanduku lako halitaguswa kwa sababu halina moduli ya urubani. Sanduku la mchezo, linaloitwa `ScienceBox`, lifanyie kiraka chake kwa jina. `:FINAL`, inayofanya kiraka kitekelezwe mwisho kabisa, iache kwa mchezaji mwenyewe. Modi inayosambazwa kwa watu ikiitumia inamnyima nafasi ya kurekebisha.

Kisha kuna mistari mitatu ambayo wengi huinakili bila kuisoma. `evaOnlyStorage = True` humlazimu mwanaanga atoke nje akaweke sampuli kwa mkono. `canBeTransferredToInVessel` ikiwa `True`, kuna kitufe cha kukusanya kila kitu kilichomo chomboni, na sampuli inapita ukutani kama jini. Kwa sanduku la aina ya Apollo, weka ya kwanza `True` na ya pili `False`. Ila usiweke hivyo kwenye kipande cha rova isiyo na mtu, maana hakuna wa kutoka nje na sanduku litabaki tupu milele. Hapo geuza ya pili iwe `True` na uibane rova kwa `capacity` badala yake.

Wa tatu ni `storageRange`. Umbali huo hupimwa kutoka kitovu cha kipande, hauanzii mlangoni. Thamani ya 1.3 inatosha kwa kisanduku kidogo kilichobandikwa nje. Ukikitia ndani ya ghala la kipenyo cha mita 2.5, mwanaanga ataning'inia pembeni akikodolea macho na kitufe hakitokei.

*Je, inawezekana uzito wa sanduku uongezeke kila sampuli inapoingia? Sijui kuandika programu, najua cfg tu.*
— Fundi simu, Mwanza

Kwa cfg peke yake haiwezekani. Moduli ya mchezo haigusi uzito. Njia ya uaminifu kwako ni kuhesabu sanduku likiwa limejaa: kama ni la sampuli nne za kilo 5 na ganda lake ni kilo 7, andika `mass = 0.027`. Mchezaji atabeba uzito wa kurudi hata wakati wa kwenda, lakini angalau haumdanganyi kwenye mafuta ya kurudi, na hapo ndipo safari nyingi zinapokwama.

Ukimpata rafiki anayeandika programu kwa lugha ya C#, kazi si kubwa. Moduli yake itekeleze `IPartMassModifier`, ambayo ina mambo mawili: `GetModuleMass`, inayorudisha nyongeza ya uzito kwa tani, na `GetModuleMassChangeWhen`, ambayo arudishe `CONSTANTLY`. Orodha ya ripoti ataipata kwa kuita `GetData()` kwenye moduli ya kuhifadhi. Kila ripoti ina `subjectID` ya mtindo huu: `surfaceSample@MunSrfLandedMidlands`. Kilichoko kabla ya `@` ni jina la jaribio, na hapo ndipo pa kutofautisha: jiwe lina uzito, kipimo cha joto ni namba tu. Ripoti ya mwanaanga ikiongeza kilo tano kwenye sanduku, wachezaji watakucheka tena.

Mwambie asikate maneno ndani ya `GetModuleMass`. Inaitwa tena na tena wakati chombo kinaruka, na kugawanya maandishi kila mara huzalisha takataka za kumbukumbu ambazo mchezaji huziona kama vishtuko vidogo kwenye skrini. Ahesabu mara moja, aweke jibu kando, ahesabu tena pale tu idadi ya ripoti inapobadilika.

*Nimeweka kila kitu sawa kwenye Unity, programu ya kuandalia vipande vya mchezo, lakini mchezoni kipande kinatoka kikubwa kuliko nilivyochora na mlango haufunguki jaribio likianza. Mlango ulikuwa unafunguka wiki iliyopita!*
— Msomaji, Mombasa

Ni makosa mawili yasiyohusiana.

La ukubwa: hukuandika `rescaleFactor`. Mstari huo usipokuwepo, mchezo haudhani ni 1. Hudhani ni 1.25, urithi wa siku zake za mwanzo. Andika `rescaleFactor = 1` kwenye kila kipande, kisha pima tena nodi zako (sehemu za kuunganishia vipande), kwa sababu nazo zilikuwa zimezidishwa pamoja na umbo. Nodi ya daraja la 0.625 ni saizi 0, ya 1.25 ni saizi 1, ya 2.5 ni saizi 2.

La mlango lina hila zaidi. Kwenye `ModuleScienceExperiment` umeandika `FxModules = 0`. Namba hiyo si jina la mlango; ni nafasi ya moduli ya mwendo katika orodha ya moduli za kipande, ikihesabiwa kuanzia sifuri. Wiki iliyopita `ModuleAnimateGeneric` ilikuwa ya kwanza. Bila shaka tangu hapo umeongeza moduli juu yake, pengine ile ya kuhifadhi, na sasa namba 0 inamwita mgeni asiye na mlango. Rudisha ya mwendo iwe ya juu kabisa kwenye faili, na za kuongeza ziweke chini daima. Na ujue kwamba moduli ya kuhifadhi yenyewe haina habari na mlango wowote: ukitaka sanduku tupu la kuhifadhi lifunguke, mchezaji atalifungua kwa kitufe cha `ModuleAnimateGeneric`.

*Sampuli nimeelewa. Na data? Kwenye mchezo data inarushwa kwa sekunde tatu hata ukiwa mbali kiasi gani. Nataka kipande cha kuhifadhia data chenye maana, kama vinasa utepe vya zamani.*
— Mwalimu wa fizikia, Zanzibar

Mwalimu, hili ndilo swali lililotufurahisha kuliko yote, maana historia yake ni tamu. Chombo cha NASA kiitwacho Galileo kilipokwenda Mshtarii, antena yake kubwa iligoma kufunguka mwaka 1991. Ikabaki na antena ndogo isiyozidi biti 160 kwa sekunde, na ghafla kinasa utepe kikawa moyo wa safari: picha zinaandikwa kwenye utepe haraka, kisha zinadondoshwa duniani tone kwa tone kwa wiki nyingi. Oktoba 1995, miezi miwili kabla ya kufika, utepe ukanasa wakati wa kurudishwa nyuma. Wahandisi waliunasua, lakini sehemu iliyosuguliwa wakaizungushia na kuifunga isitumike tena. New Horizons, chombo kilichotumwa Pluto, haikuwa na utepe. Ilikuwa na vihifadhi viwili vya gigabaiti 8. Ilipita Pluto tarehe 14 Julai 2015, na data ya mwisho ya siku hiyo ilifika duniani tarehe 25 Oktoba 2016.

Kwa hiyo kihifadhi cha data kina maana pale tu urushaji unapokuwa wa polepole. Ukitengeneza kinasa kizuri na antena ikabaki na kasi yake, hakuna atakayekitumia. Pa kugusa ni `dataScale` ya jaribio. Ukubwa wa ripoti ni `baseValue` mara `dataScale`. Kopo la tope la ajabu, `mysteryGoo`, lina 10 mara 1, yaani Miti 10 (Miti ni kipimo cha data cha mchezo). Antena ya Communotron 16 hurusha Miti 2 kila sekunde 0.6, na kila pakiti hula umeme 12. Hesabu: pakiti 5, sekunde 3, umeme 60. Ndiyo sekunde tatu zako hizo.

Ukipandisha `dataScale` hadi 50, zinakuwa Miti 500, dakika mbili na nusu, na umeme 3,000. Betri ndogo ya Z-100 inabeba 100 tu, na bamba la jua la OX-STAT hutoa 0.35 kwa sekunde wakati antena inakula 20. Mchezaji atanunua betri 30 au ataifuta modi yako, na tunadhani ataifuta. Anza na 5: sekunde 15, umeme 300, tatizo linalotatulika kwa kufikiri. Thamani ya sayansi haipungui, kwa sababu mchezo huigawa tena kwa `dataScale` mwishoni. Kiraka huanza na `@EXPERIMENT_DEFINITION:HAS[#id[mysteryGoo]]`, na ndani yake `@dataScale = 5`.

Jaribu kwenye mchezo mpya. Faili la kuhifadhia mchezo huandika `dsc`, yaani `dataScale` ya kila mahali palipokwisha kufanyiwa jaribio. Kwenye mchezo wa zamani utaona sehemu mpya zikirusha polepole na za zamani upesi, na utadhani kiraka kimeharibika.

Usidharau kikomo cha idadi ya ripoti kwa kudhani si cha kweli. Tarehe 21 Januari 2004 rova Spirit ilinyamaza ikiwa Mirihi, ikawa inajizima na kujiwasha mara kwa mara. Kumbukumbu yake ya megabaiti 256 haikuwa imejaa; mafaili ndiyo yaliyokuwa mengi mno, na kuyaorodhesha tu kulimaliza kumbukumbu ya kufanyia kazi. Kinasa chenye `capacity = 6` kina ndugu yake Mirihi.

Kama wanafunzi wako wako tayari kwa modi nzito, modi ya Kerbalism tayari inatenganisha faili na sampuli, na urushaji wake ni wa mfululizo. Hapo utengeneze kipande kinachofuata mfumo wake. Usibuni wa pili utakaogombana nao.

*Kapsuli yangu ya sampuli inapinduka ikiingia hewani, ngao inakuwa nyuma. Ikinusurika, parachuti haifunguki. Wakati mwingine inatoweka kabisa.*
— Msomaji, Kigali

Kupinduka: kitovu cha uzito kiko juu mno. Kisogeze kuelekea kwenye ngao kwa `CoMOffset = 0, -0.1, 0` ikiwa ngao iko chini, kisha ongeza kidogo kidogo hadi itulie. Ukizidisha, kapsuli inakuwa kama kishada cha plastiki kisichoyumba kamwe, na hilo nalo si la kweli. Ukibadilisha umbo baada ya hapo, futa faili `PartDatabase.cfg` kwenye folda kuu ya mchezo. Ukinzani wa hewa huhesabiwa mara moja na kuwekwa humo, na usipolifuta, kapsuli yako mpya inaweza kuruka na mwili wa ile ya zamani.

Parachuti: kapsuli haina `ModuleCommand`, kwa hiyo ikishaachana na chombo mama haisikii amri ya mtu. Parachuti iwekwe tayari kabla ya kuachana, kwenye hatua ile ile ya kutenganisha au moja kabla yake. Ukiona hilo ni usumbufu, kumbuka Genesis, chombo kilichorudisha chembe za upepo wa jua, tarehe 8 Septemba 2004: vihisi vya kutambua mshuko vilikuwa vimefungwa kinyume, parachuti haikupewa amri, kapsuli ikapiga ardhi ya Utah kwa karibu kilomita 311 kwa saa. Hata hivyo wanasayansi waliokota vipande na wakapata walichotumwa.

Kutoweka: ukibaki na chombo mama, mara kapsuli inapokuwa mbali zaidi ya kilomita 22.5 ikiwa ndani ya hewa nzito, mchezo unaifuta. Haijaungua wala haijaanguka, imefutwa tu. Hama kwenye kapsuli kwa kitufe cha `]` mara tu zinapoachana, ubaki nayo mpaka itue. Andika hili kwenye maelezo ya kipande chenyewe, maana karibu kila mchezaji wako ataliuliza.

*Nilibadilisha jina la kipande kutoka `sanduku_sampuli` kwenda `sandukuSampuli`. Wachezaji wanasema vyombo vyao vimepotea. Ni virusi?*
— Msomaji, Bujumbura

Si virusi. `name` ndiyo inayoandikwa kwenye kila chombo kilichohifadhiwa, na mchezo ulikuwa unaigeuza ile mistari ya chini kuwa nukta: kwao kipande kiliitwa `sanduku.sampuli`, na sasa hakipo. Rudisha jina la zamani leo leo, utoe toleo jipya kabla hawajahifadhi mchezo juu ya ule mzima. Unachotaka kionekane kwa wachezaji, kibadilishe kwenye `title`.